Mchumba wangu hataki mvua itajwe, na harusi imebaki miezi minne

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 28 na naolewa baada ya miezi minne. Mchumba wangu ni mtu mwema, tunaelewana katika mengi, lakini kuna jambo moja limeingia kati yetu na limeanza kuninyima usingizi.

Tumekubaliana ndoa ifungwe nje, nyumbani kwao, chini ya mti ambao marehemu baba yake aliupanda mwaka aliozaliwa yeye. Uko bustanini nyuma ya nyumba, kama hatua thelathini kutoka barazani. Baba mkwe sikuwahi kumwona, ila huo mti naujua vizuri, kwa sababu kila tukienda pale mchumba wangu hupita kuugusa kwanza kabla ya kuingia ndani. Wageni ni 180. Ndoa saa kumi jioni, halafu chakula na muziki hadi usiku, vyote palepale bustanini.

Hofu yangu ni hali ya hewa. Mwezi tuliouchagua, zamani watu waliutegemea kwa ukavu. Sasa hautabiriki. Mwaka juzi jua lilichoma nyasi zote, mwaka jana mvua ilinyesha wiki mbili bila kupumzika. Lakini kila nikiuliza "na ikinyesha je?", mchumba wangu ananiambia niache uchuro. Wiki iliyopita nilisema tukodi japo tenti moja. Akanyamaza, akainuka, akaenda zake nje. Mama yangu naye hataki kusikia habari ya bustani kabisa. Kila siku ananitumia picha za kumbi.

Usinione mwoga bure, Shangazi. Niliyaona kwenye harusi ya dada yangu. Mawingu yalitanda mapema, watu wakawa wanatazama juu, huyu anasema tuhamie ndani, yule anasema litapita hilo. Dakika arobaini zikaisha hivyo. Mvua iliposhuka viti vilikuwa nje, spika zilikuwa nje, na dada yangu alikuwa katikati ya uwanja na gauni lake. Watu wakakimbilia kwenye tenti la chakula. Paa likaanza kubeba maji, likashuka likining'inia kama kiwele cha ng'ombe, kijana mmoja akalisukuma kwa mpini wa ufagio ili maji yatoke. Yalitoka yote kwa pamoja, juu ya meza ya wazee. Bibi yangu alikuwa ameketi hapo. Mpaka leo video ya harusi ile hatuitazami.

Nimepakua programu tatu za hali ya hewa kwenye simu. Moja inasema siku yetu itakuwa ya jua, ya pili inasema mvua, ya tatu inabadilika kila asubuhi. Niamini ipi? Na mchumba wangu nimwambieje bila kuonekana naiombea harusi yetu mabaya?

Bibi Harusi Mwenye Hofu

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye zile dakika arobaini. Mawingu yalitoa taarifa. Muda wa kuhamia ndani ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye ruhusa ya kusema "tunahama". Kila aliyekuwa pale alikuwa na maoni, na neno la mwisho halikuwa la yeyote. Kwa hiyo kabla sijafika kwenye matenti na mawingu, naanza na hili: amueni sasa hivi, miezi minne kabla, ni nani ataamua siku hiyo na ataamua saa ngapi.

Asiwe wewe. Asiwe mchumba wako. Anayeoa na anayeolewa hutazama mbingu kwa matumaini, na matumaini huchelewesha. Asiwe mama yako pia, kwa sababu yeye ameshaamua. Tafuteni mtu mmoja mtulivu mnayemheshimu nyote wawili, mumpe kazi hiyo, kisha jina lake na namba yake vifike kwa wapambaji, wapishi, fundi wa muziki, mpiga picha na mfungishaji ndoa. Akisema ndani, ni ndani. Hakuna wa kukupigia simu wewe kukuuliza huku unavishwa shela.

Saa ya uamuzi nayo mtaipata kwa kuhesabu kurudi nyuma. Waulizeni vijana watakaobeba viti: kuhamisha viti 180, kuvifuta, kupanga upya maua, zulia na spika kutawachukua muda gani? Wakisema masaa mawili, wewe weka matatu, maana kuna kitu lazima kitasahaulika. Ondoa hayo matatu kwenye saa ya ndoa, ongeza muda wa kuwaarifu wageni kabla hawajatoka makwao, na hapo ndipo uamuzi ufanyike. Andikeni kwenye kadi ya mwaliko kwamba siku hiyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi (nahesabu ndoa ya saa nne asubuhi, sababu utaiona hapa chini), kila mgeni atapata ujumbe mmoja, kutoka kwa mtu mmoja, unaosema mti au ndani. Mkiacha kila ndugu ajisambazie habari, mtapata wageni wamegawanyika sehemu mbili.

Sasa hizo programu tatu. Zifunge, mwanangu, mpaka wiki ya harusi. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kujua leo kama siku fulani, miezi minne mbele, itakuwa kavu. Mwaka 1963 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Edward Lorenz, alionyesha kwamba tofauti ndogo mno katika hali ya hewa ya leo hukua siku hadi siku mpaka inageuza kabisa hali ya baadaye, na ndiyo maana utabiri wa siku kwa siku unafikia ukomo wake karibu na wiki mbili. Taasisi ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, inaeleza kwamba utabiri wa siku 5 hupatia kwa takriban asilimia 90, wa siku 7 takriban asilimia 80, na wa siku 10 au zaidi karibu nusu tu. Programu inayokupa jua au mvua ya siku moja miezi minne kabla inakupa wastani wa mwezi uliovalishwa nguo za utabiri. Kwa hiyo zikipingana usishangae.

Kinachofaa kwa sasa ni kumbukumbu. Taasisi za hali ya hewa hutunza wastani wa miaka 30, na unaotumika sana wakati huu ni wa 1991 hadi 2020. Uliza mambo mawili: mwezi wenu una siku ngapi za mvua, na mvua ile hupenda kunyesha saa ngapi. Halafu usiuchukue huo wastani kama ahadi. Kadiri hewa inavyopata joto ndivyo inavyobeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na mvuke huo ukiamua kushuka hushuka kwa kishindo. Mvua ya nusu saa siku hizi inaweza kukumwagia maji mengi kuliko mvua kama hiyo ya zamani.

Siku tano kabla ya harusi ndipo uzifungue tena, na ujue unachosoma. Asilimia 40 ya mvua haina maana kwamba itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, wala kwamba itakuwa mvua ndogo. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye dalili kama hizo, siku nne mahali pale hupata mvua na sita hazipati. Mimi ningewashauri mpange kiwango mapema na mkiandike: ile asubuhi, utabiri wa saa ya ndoa ukifika asilimia 50, au ukitaja radi kwa namna yoyote, mnaingia ndani, bila kikao. Chini ya hapo mnakwenda chini ya mti. Kiwango kikishaandikwa wakati wote mna akili timamu, yule mliyempa neno la mwisho hatalazimika kubishana na shangazi na wajomba kumi na wawili.

Nalijua hilo kwa sababu lilinikuta. Mwanangu wa pili alipooa, neno la mwisho nilipewa mimi. Saa kumi na mbili asubuhi utabiri wa saa ile ulikuwa asilimia 60, nikasema ndani. Kufika saa tano mbingu ilikuwa nyeupe kama imefuliwa. Halikudondoka tone hata moja mpaka kesho yake. Nilikaa kwenye kiti changu nikihisi macho ya watu mgongoni, na ndugu mmoja wa upande wa pili alinifuata kabisa kuniuliza mvua yangu iko wapi. Sikuwa na la kumjibu. Baada ya chakula nikawaambia maharusi watoke na mpiga picha, wakakaa kwenye nyasi nusu saa nzima, na picha zilizotundikwa sebuleni kwao leo ni zile. Ningepewa asilimia 60 tena asubuhi ya leo, ningesema ndani tena. Asubuhi nne kati ya kumi kama ile huisha kavu, na mimi nilipata mojawapo. Yule mtakayemchagua mwambieni mapema kwamba hili laweza kumpata, na kwamba hamtamlaumu.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako kilichonishtua zaidi ya tenti: saa kumi jioni. Nchi kavu ikipigwa na jua tangu asubuhi, hewa ya chini hupata joto na kupanda, ikifika juu inapoa, mvuke wake unageuka mawingu. Joto hilo huchukua saa nyingi kujijenga, kwa hiyo yale mawingu marefu yenye radi mara nyingi hukomaa alasiri na jioni. Ninyi mmepanga ndoa yenu iyasubiri mlangoni. Ukandoni mwa bahari na maziwa makubwa mambo huweza kugeuka, mvua ikapendelea usiku na alfajiri, ndiyo maana nikasema uulize saa na siyo siku tu. Lakini kama mko ndani ya nchi kavu, isogezeni ndoa asubuhi, saa nne hivi. Uamuzi huo peke yake unaweza kuwaokoa kuliko tenti.

Tena si lazima siku nzima iwe chini ya mti. Tenganisheni mambo. Kiapo, pete, sahihi na picha chache vinahitaji dakika 25. Chakula na muziki vinahitaji masaa sita na paa la uhakika, na mti hauna haja navyo. Kupata dakika 25 kavu kati ya saa nne na saa sita ni jambo linalowezekana hata katika siku ya manyunyu, ikiwa mfungishaji ndoa, mpiga picha na wageni wote wanajua kwamba saa inaweza kusogea kidogo. Kupata masaa sita makavu mfululizo ni bahati. Muulizeni pia mfungishaji ndoa, leo siyo kesho, kama sheria ya kwenu inataka mahali pa kufungia ndoa patajwe mapema. Ikitaka, patajwe pote pawili.

Tenti lenyewe nitalieleza kwa kirefu, kwa ajili ya bibi yako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na lita moja ni kilo moja. Tenti la mita 10 kwa 20 lina mita za mraba 200. Mvua ya milimita 20, ambayo wingu moja zito huweza kuitoa ndani ya saa moja, inaweka juu ya tenti hilo lita 4,000. Tani nne. Paa likiwa na mteremko mkali na kitambaa kikiwa kimevutwa vizuri, maji hayo yanapita tu. Kitambaa kikilegea, yanakaa, na kadiri yanavyokaa ndivyo kinavyolegea zaidi. Shimo la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 10 tu tayari lina kilo 100 juu ya vichwa vya watu. Ule mpini wa ufagio ulifanya kazi yake vizuri. Uliowaangusha ni uzembe wa kuacha maji yajikusanye. Kwa hiyo ukienda kukodi, usiishie kuangalia rangi ya mapazia. Tazama mteremko wa paa. Uliza matenti mawili yakiunganishwa maji ya katikati yanapita wapi, kwa sababu kile kiungo ndipo maji yote ya pande mbili hukutana, na bila mfereji wake yatashuka kwenye meza. Na uliza ni nani kati ya mafundi wao atabaki pale siku nzima kukaza kamba. Wakisema watafunga na kuondoka, nenda kwa wengine.

Kisha upepo, ambao watu huusahau. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Tenti lililotulia kwenye upepo wa kilomita 30 kwa saa linaweza kung'oka kwenye 60. Mwenye tenti akuandikie linahimili kilomita ngapi kwa saa, na upepo ukifika hapo watu watolewe kwenda wapi. Wahenga walituambia dalili ya mvua ni mawingu, na ni kweli, lakini kuna dalili ya mwisho inayokuja baada ya mawingu: ule ubaridi wa ghafla unaokupiga usoni wakati mvua bado hujaiona. Ni hewa baridi iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu la radi ikasambaa chini, na mara nyingi ndiyo inayobeba upepo mkali kuliko wote. Ukiuhisi, una dakika chache. Zisitumike kutazama juu.

Radi haina mjadala. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu, hivyo ukiona mwanga kisha ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kuwafikia. Watu wote waingie kwenye nyumba au kwenye magari yenye bodi la chuma, na wakae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Tenti halikingi radi, na nguzo zake za chuma hazisaidii kitu. Na ule mti, pamoja na heshima yote ya aliyeupanda, ndio mahali pabaya kuliko pote saa hiyo. Fanya hesabu: nyumba ile, vyumba vyote na korido, inaweza kubeba watu wangapi wakisimama kwa nusu saa? Magari yatakuwa mangapi? Jumla isipofika 180, punguzeni wageni au tafuteni jengo la jirani.

Jenereta likae nje, angalau mita sita kutoka kwenye tenti, moshi ukielekea mbali na watu, kwa kuwa una hewa ya sumu isiyo na harufu; usiruhusu mtu alisogeze ndani ati lisilowe. Lijengewe kibanda chake. Viungio vya nyaya viinuliwe kutoka ardhini, na fundi aweke swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja.

Nenda pale bustanini siku mvua inanyesha. Usingoje ikauke. Vaa buti, tembea kutoka wanakoshukia watu kwenye magari mpaka chini ya mti, uone maji yanasimama wapi na yanapita wapi. Utajifunza kwa dakika kumi ambayo hakuna mpambaji atakuambia: wapi pa kuchimba mfereji, wapi pa kuweka mbao za kukanyagia, na upande upi tenti lisisimame kabisa. Angalia na vigingi vitapigiliwa wapi, visikate mizizi ya mti wala mabomba. Halafu rudi siku ya jua, ukae kwenye kiti pale kwa saa moja, saa ileile ya ndoa. Kama mwaka juzi nyasi ziliungua, wazee wenu nao wanaweza kuungua. Utajua kivuli kinaishia safu ya ngapi, na wageni wanaotazama jua usoni ni wa upande gani.

Mikataba nayo, haraka: kila anayelipwa aandike itakuwaje mkihamia ndani, mkisogeza saa, au mkiahirisha, na malipo ya awali yatafanywaje. Mkikata bima, someni kwa makini, kwa sababu bima nyingi za harusi hazilipi kwa mvua tu. Hulipa pale sherehe inaposhindikana kabisa. Gauni lako lipandishwe pindo kidogo, na miavuli mikubwa ya rangi moja iwe tayari mlangoni. Mpiga picha wako akilalamikia ukungu na mawingu, usimhurumie, mwanga wa mawingu ni mzuri kwa nyuso.

Sasa mchumba wako.

Sidhani kama anaogopa uchuro. Mtu anayeugusa mti kila anapofika nyumbani hajali sana kama kutakuwa na nyasi na anga juu yake. Anataka baba yake awepo. Wewe ukitaja tenti, yeye anasikia unamwondoa baba yake harusini. Mama yako akituma picha ya ukumbi, anasikia hivyohivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Ndiyo maana anainuka na kutoka nje. Nina hakika ukimwuliza alikwenda wapi jioni ile, atakuambia alikuwa pale mtini.

Kwa hiyo usimwambie lolote la mvua kwanza. Mwambie unajua kwa nini anautaka ule mti, na kwamba huna mpango wa kuusogeza. Mwambie unachotaka ni kuhakikisha kwamba hali ya hewa yoyote itakayokuja, yeye ataapa mbele ya mti wa baba yake. Tamka neno "mbele", usiseme "chini". Hapo ndipo muanze kupanga.

Na nadhani jibu umeshaniandikia mwenyewe, kwenye mstari mmoja ukaupita. Ulisema mti uko hatua thelathini kutoka barazani. Baraza ina paa. Ni ya nyumba ya baba yake, na kwa hizo hatua thelathini naamini mti unaonekana wote ukiwa umesimama pale. Ndugu wa karibu wakae barazani, wageni wengine wakae kwenye tenti lililosogezwa mbele yake, na ninyi msimame ukingoni mkiutazama mti. Kama kuna manyunyu ya kawaida tu, bila ngurumo, mmalize kiapo, mchukue mwavuli mmoja, mtembee wawili mpaka pale auguse kidogo, mrudi. Sioni kama hiyo ni harusi ya pili kwa ubora. Mama yako naye atapata paa lake.

Usimweleze haya kwa simu. Mwisho wa wiki hii nendeni pale nyumbani, utoe viti viwili barazani, mkae. Usianze mazungumzo. Subiri uone macho yake yanatua wapi.